Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza na Nafasi ya Mtenda

Wanafunzi wa Kiingereza kwa kawaida hufundishwa kauli ya kutendwa kama zoezi la kugeuza. Hupewa sentensi "The watchman closed the door", yaani bawabu alifunga mlango, wakatakiwa waandike "The door was closed by the watchman", yaani mlango ulifungwa na bawabu. Zoezi hilo lafundisha umbo, lakini halifundishi matumizi. Mwanafunzi hubaki akidhani kwamba sentensi mbili hizo ni kitu kimoja kilichovikwa nguo mbili, na kwamba mwandishi huchagua moja kati ya hizo apendavyo. Sivyo ilivyo. Kila moja ina kazi yake, na asiyeitambua kazi hiyo hukosea hasa anapofasiri.

Kwanza yafaa kulitazama umbo lenyewe. Kiswahili hutia kiambishi -w- ndani ya kitenzi kimoja: funga, fungwa, soma, somwa. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, bali huunganisha kitenzi kisaidizi cha kuwa na umbo la kitenzi kikuu lionyeshalo jambo lililotimia. Umbo hilo hutumika vilevile kama sifa ya kitu. Kwa sababu hiyo sentensi "The door was closed", ikisimama peke yake, ina maana mbili: mlango ulifungwa, yaani kitendo kilitokea, au mlango ulikuwa umefungwa, yaani ndiyo hali uliyokuwa nayo. Likiongezwa neno "still", yaonekana kuwa ni hali; akitajwa bawabu, yaonekana kuwa ni kitendo. Mwingereza aweza kuliacha jambo hilo bila kuliamua. Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo, kwa kuwa lugha yake yamlazimisha kuchagua.

Sababu ya pili ya kutofautiana kwa lugha hizi ni mpango wa maneno. Katika Kiingereza, nafasi ndiyo ionyeshayo nani ametenda na nani ametendwa; mwenye kutangulia kitenzi ndiye kiima. Basi msemaji anayetaka kuanza na kitu kilichotendwa, kwa kuwa ndicho kinachozungumzwa, njia yake ya kawaida ni kauli ya kutendwa. Kiswahili kina viambishi vya kiima na vya mtendwa ndani ya kitenzi, kwa hiyo maneno yaweza kuhama bila maana kupotea. Habari ya kwamba kitabu cha Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, kiliandikwa na Shaaban Robert, yaweza kusemwa pia hivi: kitabu cha Kusadikika alikiandika Shaaban Robert. Kitabu kimetangulia, mtenda amekuja nyuma, na kitenzi kimebaki katika kauli ya kutenda. Kwa hiyo si kila kauli ya kutendwa ya Kiingereza iombayo -w- katika Kiswahili.

Lakini kazi kubwa zaidi ya kauli hii katika Kiingereza haimo katika sentensi zenye kumtaja mtenda. Otto Jespersen, mwanazuoni wa Denmark, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya falsafa ya sarufi kwamba sentensi nyingi za kutendwa katika Kiingereza hazimtaji mtenda kabisa. Sababu zake ni mbalimbali. Pengine hajulikani, kama mwizi aliyevunja duka usiku. Pengine kumtaja hakuna faida, kama katika taarifa ya mtaalamu wa kemia isemayo kwamba maji yalichemshwa. Pengine anajulikana kwa wote. Na pengine anajulikana sana, ila msemaji hapendi atajwe.

Sababu hii ya mwisho ndiyo iliyoipa kauli ya kutendwa jina baya. William Strunk, katika kijitabu chake cha uandishi cha mwaka 1918, aliwahimiza wanafunzi wake kupendelea kauli ya kutenda. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni ya kutotumia kauli ya kutendwa pale ambapo ile ya kutenda yaweza kutumika. Hata hivyo, sentensi ya kwanza kabisa ya insha hiyohiyo inayo kauli ya kutendwa. Jambo hili halimvunjii Orwell heshima. Laonyesha tu kwamba umbo lenyewe halina hatia. Yafaa kuuliza ni nini kilichofichwa, na kwa faida ya nani.

Hapa pana jambo lisiloangaliwa vya kutosha. Kauli ya kutendwa ya Kiingereza, inapoeleza kitendo, humficha mtenda lakini haimkani. Mfano wa meli watosha. Yaweza kusemwa "The ship was sunk for the insurance money", meli ilizamishwa ili fedha za bima zipatikane. Nia ya kupata fedha ina mwenyewe, ingawa hakutajwa. Lakini ikisemwa "The ship sank", meli ilizama, mwenye nia hayumo tena katika sentensi, na maneno ya fedha za bima hayana pa kushika.

Kiswahili huipambanua tofauti hii kwa viambishi vyake. Kilichovunjwa kina mvunjaji, hata kama hakutajwa. Kilichovunjika chaweza kuwa kimevunjika chenyewe. Ndiyo maana husemwa mlango ulifunguliwa na Juma, wala haisemwi mlango ulifunguka na Juma. Mfasiri anayetia -k- mahali pa -w- huyavuka mafichoni na kufika kwenye kukana. Mwaka 1987 Rais Reagan wa Marekani, akilihutubia Bunge juu ya mambo ya Iran, alisema "serious mistakes were made". Kusema makosa makubwa yalifanywa ni kubakiza swali la nani aliyeyafanya. Kusema yalifanyika hulififiza swali hilo. Ni kweli kwamba neno fanyika limezoeleka mno, wala asikiaye kwamba mkutano ulifanyika hadhani kwamba ulijifanya wenyewe. Lakini linapohusu makosa, tofauti hiyo ndogo ina uzito.

Uzito huo huonekana zaidi katika sheria. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zikahitaji kufasiriwa. Tuseme kwamba kifungu kimoja chasema: "Where the seal is broken, the owner of the goods shall pay a fine." Akiandika lakiri ikivunjwa, mfasiri ametaka kuwepo mkono wa mtu. Akiandika lakiri ikivunjika, mtikisiko wa gari barabarani watosha kumtoza mwenye mali faini. Akiandika lakiri ikionekana imevunjika, hatia yategemea hali iliyokutwa na mkaguzi, wala si kitendo. Kiingereza kilizibeba maana hizo kwa pamoja. Kiswahili kimezitenga, na mwenye kulipa ni mtu mwingine kila mara.

Basi mfasiri ana maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuandika. Je, sentensi yaeleza kitendo au hali? Ikiwa ni kitendo, je, yuko mtenda aliyekusudiwa ingawa hakutajwa? Na ikiwa yuko, je, anatambulikana kwa maneno ya kifungu kingine? Akitambulikana, hakuna haja ya kumtaja tena. Asipotambulikana, -w- bila na ya mtenda ndiyo tafsiri ya haki, kwa kuwa yamweka mtenda palepale alipowekwa na mtungaji. Maana isipopambanuka, mfasiri amrudie mtungaji wa sheria na kumwuliza, wala asiamue peke yake kwa herufi moja. Kumtaja mtu ambaye sheria haikumtaja ni kuongeza sheria, na kumfuta aliyekusudiwa ni kuipunguza.