Kuta Zing'aazo na Rangi Isiyong'aa

Nyumba nyingi za Songea, kuanzia Mfaranyaki hata Lizaboni, zimejengwa kwa matofali ya kuchoma na kupigwa lipu kwa mkono, na kwa kuwa lipu ya mkono aghalabu haikosi mabonde na vilima, mwenye nyumba aliyeipaka sebule yake rangi ya mafuta ing'aayo huziona aibu zote za ukuta kila jua la asubuhi liingiapo dirishani. Uso laini huirudisha nuru upande mmoja, ilhali rangi isiyong'aa, ambayo mafundi huiita mati, huitawanya pande zote, na makombo ya ukuta yakafichika.

Lakini ole wake anunuaye ndoo ya rangi ya maji na kuipaka juu ya ile ya mafuta bila ya matayarisho! Rangi hiyo, kama matone juu ya jani la mgomba, hukusanyika na kuteleza. Na hata ikikauka ikapendeza machoni, huwa imekaa juu juu tu, na haichukui muda ikaanza kubanduka vipande vipande, khasa pale mgongo wa kochi ugusapo ukuta. Rangi huhitaji mahali pa kushikia, na ukuta ung'aao haunapo.

Basi kwanza ujulikane ukuta una nini. Chovya pamba katika spiriti usugue pembeni: rangi ya maji hulainika ikaichafua pamba, ya mafuta haitaki. Ikiwa ni ya mafuta, ukuta uoshwe kwa sabuni mpaka masizi na alama za mikono zitoke, usuuzwe, kisha upigwe msasa hata mng'ao wote ufe. Baada ya hapo vumbi lifutwe, ipakwe praima iwezayo kushika juu ya mafuta, ndipo mati ifuate mikono miwili. Lita moja hutosha takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za mita 3 chataka kama lita 8. Fundi akuahidiye kuyamaliza yote hayo kwa siku moja, mimi nisingempa kazi.

Hadhari moja ni ya lazima. Rangi kongwe za mafuta huenda zikawa na risasi, sumu idhuruyo akili za watoto. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulikwisha kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majengo. Kwa hiyo msasa upigwe ukuta ukiwa umeloweshwa, fundi afunike pua na mdomo, na watoto wakae mbali mpaka uchafu wote uzolewe.

Majira nayo yana hukumu yake. Masika ya Songea huendelea hata Aprili, na ukuta ulionyonya maji hauwezi kupumua chini ya rangi ya mafuta, hufanya malengelenge. Paa livujalo na msingi upandishao unyevu vitengenezwe kwanza, na kazi ingoje kiangazi. Walakini Juni na Julai, maadamu mji upo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake ni za baridi kali, na rangi ya maji haikauki vema katika baridi ya chini ya nyuzi 10; fundi asianze mpaka jua lipande.

Ama jikoni na maliwatoni, ambako ukuta hufutwa mara kwa mara, iacheni rangi ing'aayo, kwani mati haivumilii kusuguliwa.