Mkeka Unaojisuka: Ganda la Bakteria na Safari ya Kipimo Bora cha Malaria

Mtoto akichemka homa usiku huko Kosele, kaunti ya Homa Bay, mzazi huwa na swali moja: ni malaria au si malaria? Jibu hutafutwa kwa tone la damu la kidoleni na kijikasha cha plastiki chenye ukanda wa karatasi ndani yake. Sisi watu wa Pwani twakijua vyema kijikasha hicho. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa katika ukanda wa ziwa, watoto 19 hivi kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria. Huku Pwani walikuwa 5 hivi kati ya 100. Kwa hivyo habari ya kipimo kinachosema kweli inatuhusu sote, kuanzia Mbita hadi Msambweni.

Kipimo chenyewe hufanya kazi namna hii. Vimelea vya malaria vikiwa mwilini hutoa protini iitwayo HRP2, ambayo huingia katika damu. Ndani ya ukanda mna kingamwili, yaani protini zenye kazi ya kunasa kitu kimoja maalumu, na hapa hunasa HRP2. Baadhi ya kingamwili hizo zimebandikwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu. Naam, dhahabu ile ile inayochimbwa Migori, ila ikiwa katika chembe zisizoonekana kwa macho, rangi yake huwa nyekundu. Damu ikitiririka pamoja na dawa ya kipimo, chembe hizo hubeba HRP2 hadi kwenye mstari ambako kingamwili nyingine zinangoja. Zikinaswa kwa wingi, mstari mwekundu hutokea baada ya dakika 15 au 20.

Udhaifu uko wapi? Kingamwili ina upande wa kunasia. Ukizimwaga tu juu ya karatasi, nyingine husimama wima, nyingine hulala kifudifudi na upande wa kunasia ukafunikwa. Ni kama nyavu zilizotupwa pwani kiholela: nyavu ni nyingi, zinazovua ni chache. Vimelea vikiwa vichache katika damu, mstari huweza kukosekana ilhali ugonjwa upo.

Hapa ndipo bakteria wanapoingia. Mwaka 1953 mtafiti Houwink alieleza jambo aliloliona kwa darubini ya elektroni: mwili wa bakteria mmoja ulikuwa umevikwa tabaka la protini lililopangika kwa mstari, mithili ya mkeka. Baadaye ikabainika kuwa bakteria wengi wana vazi hilo. Ajabu yake ni kwamba mkeka huo hauna msusi. Protini zinazouunda ni za aina moja. Kila moja ina umbo linaloshikana na jirani yake, kwa hivyo zikikutana katika maji yenye chumvi za kalsiamu zinazofaa, zenyewe hujipanga, ukili kwa ukili, hadi mkeka ukakamilika. Bakteria mmoja huhitaji protini kama 500,000 kujifunika mwili mzima.

Kundi la watafiti wa Vienna, Austria, likiongozwa na Uwe Sleytr, limelichunguza vazi hili kwa miongo mingi. Bakteria wao maarufu ni Lysinibacillus sphaericus. Mkeka wake una miraba yenye upana wa nanomita 13 hivi. Ukikata unywele mmoja wa kichwani, upana wake ungeingia miraba kama 6,000. Watafiti waligundua kuwa protini hizo zikitolewa kwa bakteria na kuwekwa juu ya kioo au plastiki, hujisuka upya. Wakaenda mbele: wakaunganisha kila protini na kipande kinachoshika kingamwili kwa mkia. Mkeka ukijisuka, vipande vyote hutazama juu, na kingamwili zote husimama wima zikiwa tayari kunasa. Vijiti vya kupimia vilivyojengwa kwa mikeka ya protini hizi vimejaribiwa maabara.

Bakteria huyo si mgeni kwetu. Aina nyingine za spishi hiyo hiyo huua viluwiluwi vya mbu. Huko Mbita, Homa Bay, ambako kituo cha ICIPE kina maabara, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kunyunyizia madimbwi dawa za bakteria wa namna hii kulipunguza kuumwa na mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 90. Na Kibaha, Tanzania, kuna kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba kinachotengeneza dawa hizo.

Wala wazo la protini zinazojipanga zenyewe si ndoto. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyozinduliwa nchini Kenya tarehe 13 Septemba 2019 katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay, imejengwa juu yake. Kipande cha protini ya kimelea huunganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, nazo hujikusanya kuwa vitufe vidogo ambavyo kinga ya mwili huvitambua upesi. Chanjo ya pili, R21, hufuata njia hiyo, na ilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo.

Tusidanganyane, hata hivyo. Kipimo cha malaria chenye mkeka wa bakteria hakijafika zahanati. Na mkeka peke yake hautatatua kila tatizo. Eritrea ililazimika kuacha vipimo vya HRP2 mwaka 2016 baada ya kugundulika vimelea vilivyopoteza jeni ya kutengeneza protini hiyo. Hata nyavu zote zikisimama wima, samaki asiyekuwepo hanaswi. Dawa ya hilo ni vipimo vinavyotafuta protini zaidi ya moja, na protini hizo nyingine mara nyingi ni haba katika damu. Kuinasa iliyo haba ndiyo kazi inayohitaji kingamwili zilizopangwa vizuri.

Basi tudai nini? Bakteria yupo, madimbwi yapo, wagonjwa wapo, na Kilifi, Kisumu na Mbita wapo watafiti wenye ujuzi. Kinachopungua ni fedha za kuwafanya vijana wetu watengeneze vipimo, badala ya kungoja makasha kutoka ng'ambo. Na wakati tukingoja, mzazi ashike hili: homa ipimwe kabla ya kumeza dawa, na kipimo kikisema hakuna ilhali homa haishuki, mtoto arudishwe hospitali damu yake ikaangaliwe kwa darubini.