Namba Moja kwa Nchi Nzima

Mkulima wa Mkuyuni, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, hupata mvua iletwayo na pepo za Bahari ya Hindi. Mwenzake wa magharibi hupata kidogo zaidi, kwa kuwa safu ya milima huzizuia. Hata hivyo, katika kipimo cha Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, wote wawili wamo ndani ya namba moja: ya Tanzania.

Kipimo hicho huuliza mambo mawili. Nchi yaweza kudhurika kiasi gani na mabadiliko ya tabianchi? Hapo hutazamwa chakula, maji, afya, mazingira ya asili, makazi na miundombinu. Tena, je, uchumi, utawala na jamii vimejiandaa kugeuza fedha kuwa kinga? Kwa kulinganisha mataifa, namba hiyo yafaa. Lakini haionyeshi kwamba Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, huanzia Uluguru. Msitu ukifyekwa mlimani, udongo huteremka mtoni, na gharama ya kuyasafisha maji hulipwa mjini.

Atakaye kuupima utayari wa Mkuyuni hana budi kuanza na maswali madogo: barabara hupitika masika? Chanzo cha maji kina mlinzi?