Kuingia Longyearbyen kwa Merikebu

Mkazi wa Makumira aamkaye mapema, kabla mawingu hayajapanda, huiona theluji ya Kibo upande wa mashariki, ilhali yeye mwenyewe amesimama baina ya migomba na mibuni, digrii tatu na ushei tu kusini ya ikweta. Kwa hiyo hana haja ya kufundishwa kwamba umbali wa mahali na ikweta si hakimu pekee wa joto na baridi. Hapa kwetu kimo cha mlima ndicho kiletacho barafu pasipotarajiwa. Huko Longyearbyen, mji wa watu wapatao 2,500 katika visiwa vya Svalbard vilivyo chini ya Norwei, digrii 78 kaskazini, mambo ni kinyume: mti haumei, ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, na hata hivyo merikebu huingia bandarini.

Merikebu itokayo Tromsø, mji wa bara ya Norwei, hukata kiasi cha kilomita 950 kuelekea kaskazini, ikipita kisiwa cha Bjørnøya kilicho peke yake katikati ya njia, kisha ikashika pwani ya magharibi ya Spitsbergen, kisiwa kikuu cha Svalbard, hata mlango wa Isfjorden, hori pana lililoingia ndani ya nchi baina ya milima iliyokatwa vilele. Hapo nahodha hugeuza usukani mashariki, akaingia hori dogo la Adventfjorden, ambamo gati la mji limo. Siri ya njia hii ni upande ulioshikwa. Maji ya uvuguvugu, yenye chumvi nyingi, yaliyovuka bahari ya Atlantiki kutoka kusini, hupanda kwa pwani ya magharibi na kuizuia bahari isigande, na pwani ya mashariki huteremkiwa na mkondo wa baridi uliobeba barafu kutoka kaskazini. Watu wa mwambao, ambao babu zao walingoja kaskazi na kusi ndipo watweke tanga, hawatastaajabu kwamba pande mbili za nchi moja zaweza kupata majaaliwa mbalimbali kwa sababu ya upepo au mkondo tu. Walakini huo uvuguvugu ni wa kulinganisha: aangukaye majini humo hana dakika nyingi za kutamka shahada.

Zamani hata hori la Adventfjorden lilikuwa likiganda wakati wa baridi. Mji uliasisiwa mwaka 1906 na Mmarekani John Munro Longyear kwa ajili ya makaa ya mawe, na merikebu ya mwisho ikishang'oa nanga, wachimbaji walikaa bila nyingine mpaka barafu ivunjike. Upweke huo haukuondoka kabisa mpaka kiwanja cha ndege kilipofunguliwa mwaka 1975. Miaka hii ya karibuni hori huganda kwa nadra, jambo limfurahishalo nahodha na kumtia hofu mtaalamu wa hali ya hewa.

Lakini kitakachomtaabisha mgeni wa kwetu, nadhani, ni saa kuliko barafu. Sisi twahesabu saa tangu macheo, na jua la Makumira ni aminifu, kwani tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kupita yote haifiki nusu saa kwa mwaka mzima. Longyearbyen, kwa sababu dunia imeinama, na ncha yake ya kaskazini hulielekea jua nusu ya mwaka na kulipa kisogo nusu ya pili, jua halichwi tangu kama tarehe 20 Aprili hata 22 Agosti, likizunguka upeo wote. Na tangu mwisho wa Oktoba hata katikati ya Februari halichomozi asilani. Ashukaye gatini mwezi wa Juni akauliza saa moja ya usiku ni ipi, hana wa kumjibu. Waislamu wa Tromsø, ambao wengi wao ni jirani zetu Wasomali, walipata mushkeli huohuo katika sala na saumu, wakapewa fatwa ya kufuata nyakati za Makka. Nami naiona ni hukumu ya busara, maana Makka haikosi alfajiri wala magharibi siku yoyote.

Kuhusu ruhusa ya kuingia, mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 9 Februari 1920 uliipa Norwei mamlaka juu ya visiwa hivyo, lakini mgeni wa taifa lolote hatakiwi viza huko, maadamu aweza kujilisha mwenyewe. Mwana wa Afrika Mashariki aliyefika kwa heshima kubwa ni Wangari Maathai wa Kenya, ambaye tarehe 26 Februari 2008, pamoja na waziri mkuu wa Norwei wa wakati huo, Jens Stoltenberg, aliweka sanduku la kwanza katika ghala ya mbegu za dunia iliyochimbwa ndani ya mlima, karibu na mji. Msomaji atakaye kumfuata asifunge mizigo kwa pupa: njia ya kawaida hupitia bara ya Norwei, ambako Mtanzania hudaiwa viza ya Schengen, na kwa kuwa Svalbard haimo katika mapatano hayo, na aombe viza ya kuingia mara mbili, la sivyo atazuiliwa wakati wa kurudi.