Kilomita 780 kwa baiskeli Hispania: Je, mwili wako uko tayari?

Tuseme ndugu yako anayeishi Ulaya amekupigia simu na kukwambia: "Njoo mwezi wa tisa, tuendeshe baiskeli kutoka milima ya Pyrenees hadi Santiago de Compostela." Umeangalia picha za makanisa ya kale, madaraja ya mawe na mashamba ya mizabibu, na moyo umeshakubali. Swali la wiki hii, msomaji wangu, ni hili: moyo ule unaosukuma damu, nao umekubali?

Njia hiyo huitwa Camino Francés. Mahujaji wameipita tangu Zama za Kati, na mwaka 1993 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, na kupita Pamplona, Burgos na León. Urefu wake ni karibu kilomita 780. Ukizigawa kwa siku 14, unapata kilomita 56 kwa siku. Kwenye lami tambarare si nyingi, lakini hapa kuna mawe, vumbi na milima. Siku ya kwanza tu unapanda kutoka chini ya mita 200 hadi zaidi ya mita 1,400.

Kumbuka pia kwamba si lazima uimalize yote. Anayetaka cheti cha hija kwa baiskeli hutakiwa kukamilisha angalau kilomita 200 za mwisho, na wengi huanzia mji wa Ponferrada. Ila usidhani ufupi ni wepesi, kwani mbele yako kuna mlima wa O Cebreiro, wenye urefu wa karibu mita 1,300.

Anza kwa daktari

Kama una miaka zaidi ya 40, au una shinikizo la damu, kisukari, pumu, selimundu au historia ya ugonjwa wa moyo katika familia, muone daktari miezi mitatu kabla ya safari. Mweleze wazi unachokwenda kufanya. Usiseme "natembea kidogo" wakati unapanga kupanda milima wiki mbili mfululizo.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari ghafla akiwa katikati ya mlima, au hata usiku baada ya safari. Atahitaji kupima mara kwa mara na kubeba glukosi mfukoni. Anayetumia dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo naye hupoteza maji haraka. Dawa usiziache wala kuzipunguza mwenyewe. Daktari ndiye atakayepanga.

Mazoezi ya wiki 12

Anza na siku tatu kwa wiki, saa moja moja, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Kila wiki ongeza kidogo, isizidi sehemu moja ya kumi. Wiki ya nne punguza ili mwili upone. Kuanzia mwezi wa pili tafuta vilima, na mwezi wa mwisho endesha siku mbili mfululizo ukiwa na mzigo utakaobeba. Siku ya pili ndiyo itakayokuambia ukweli.

Pima kiti pia. Ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti. Vaa bukta ya baiskeli yenye sponji bila chupi ndani, uifue kila jioni. Vidonda vya makalio vimewarudisha wengi nyumbani. Ganzi ya vidole au ya sehemu za siri usiivumilie. Ni dalili kwamba neva zinabanwa na mkao unahitaji kurekebishwa.

Jua, maji na chakula

Kati ya Burgos na León kuna uwanda wa juu uitwao Meseta, ambako kivuli ni adimu. Julai na Agosti joto huweza kupita nyuzi 35. Bora uchague Mei, Juni mwanzoni au Septemba, uondoke alfajiri na kumaliza safari ya siku kabla jua halijakolea.

Kunywa kidogo kidogo, kati ya nusu lita na lita moja kwa saa kutegemea jasho. Maji matupu kupita kiasi nayo yana hatari, kwa sababu hupunguza chumvi katika damu, hivyo changanya na chakula chenye chumvi. Kila saa kula wanga wa gramu 30 hadi 60. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25.

Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuanguka kwenye joto, hiyo ni dharura. Mweke kivulini, mmwagie maji, mpepee na piga 112. Na usimeze ibuprofen kila jioni kwa ajili ya misuli. Mwilini pakiwa na upungufu wa maji, dawa hiyo huweza kuumiza figo.

Kushuka kuna hatari yake

Wengi huogopa kupanda, lakini mifupa huvunjika kwenye kushuka. Baada ya Cruz de Ferro, karibu mita 1,500 juu, njia huteremka kwa ukali hadi Molinaseca. Njiani, katika kijiji cha El Acebo, kuna mnara wenye umbo la baiskeli, kumbukumbu ya hujaji Mjerumani aliyefariki akiendesha. Vaa kofia ngumu, kagua breki asubuhi, na ukiwa umechoka pita barabara ya lami.

Kabla ya kuondoka hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda. Bima ya afya inayotakiwa kwa viza ya Schengen, ya angalau euro 30,000, isome vizuri uone kama inagharamia ajali za baiskeli milimani.

Na siku mwili utakapokataa katikati ya mlima, shuka usukume baiskeli. Mahujaji wengi wa njia ile huenda kwa miguu, hakuna atakayekucheka. Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi hata ukiwa umepumzika si uchovu. Simama hapo hapo, omba msaada. Santiago itakusubiri.