Mazuku na Mbabula

Mtoto wa Goma hufundishwa mazuku kabla hajajua kusoma. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini ya ardhi ya volkano na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kutuama kwenye mashimo na vibonde. Haionekani. Mbuzi akiteremka humo asubuhi kabla upepo haujavuma, hatoki. Kwa hiyo mtoto huambiwa mapema asishuke kwenye kibonde fulani, naye hutii mpaka uzeeni. Lakini katika mji huohuo, usiku wa mvua, mbabula, yaani jiko la makaa, yenye makala mekundu huingizwa katika chumba ambamo watoto wamelala, na mlango ukafungwa ili joto lisipotee. Makala hayo hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyoonekana na isiyo na harufu, ambayo humwua mtu aliyelala pasipo kumwamsha. Wengi huamini kwamba moshi ukishaisha hatari nayo imekwisha, ilhali makala yaliyowiva yasiyotoa moshi hata kidogo huendelea kuitoa. Hizi ni hatari mbili za ukoo mmoja, na anayezikabili ni mtu yuleyule. Moja huikwepa bila hata kufikiri, na nyingine huiweka kando ya kitanda. Tukiweza kueleza tofauti hiyo, tutakuwa tumeeleza sehemu kubwa ya sababu zinazowafanya watu washikilie tabia zinazowadhuru.

Maelezo ya kwanza yanayokuja mdomoni ni ujinga: watu hawajui, basi wafundishwe. Elimu ina kazi yake, na hilo la makala yasiyo na moshi ni mfano mzuri wa jambo linalostahili kutangazwa redioni kila jioni. Hata hivyo, elimu peke yake haifiki mbali, na Goma ndiyo ushahidi. Hakuna mji unaokijua kipindupindu kuliko huu. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia hapa kwa siku chache, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Tangu wakati huo ugonjwa huo haujauhama ukingo wa Ziwa Kivu. Mama anayechota maji ya ziwa pale Kituku anajua kinachoweza kuwamo ndani ya bidoni yake, na ukimwuliza atakutajia dalili zote. Kisha anakwenda nyumbani na watoto wanakunywa. Mtu anayejua na bado hafanyi, ukizidi kumwambia unachofanya ni kumchosha.

Turudi kwenye shimo la mazuku. Kulikwepa hakumgharimu mtu chochote, maana mle ndani hamna anachokihitaji, na mahali penyewe ndipo panapomkumbusha: akiliona shimo, miguu inazunguka. Mbabula ni kinyume chake kwa kila hali. Joto lake linafika sasa hivi, mwilini, na baridi ya mji uliojengwa kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi inaondoka papo hapo. Madhara yake ni ya labda, na mara nyingi hayaji, au huja kama maumivu ya kichwa asubuhi ambayo mtu huyahesabu kuwa uchovu. Hapa ndipo mtego ulipo. Kila usiku unaopita salama unaufundisha mwili kwamba jambo hili ni salama, na usiku mia moja wa namna hiyo ni walimu mia moja, wakati mtaalamu wa afya amepita mtaani mara moja tu. Mwili huamini kile kinachorudiwa. Ndivyo ilivyo kwa sigara, kwa chumvi nyingi mezani, kwa pikipiki inayoendeshwa bila kofia. Faida iko karibu na ni ya uhakika, hasara iko mbali na inasuasua, na baada ya kurudia vya kutosha akili hujitoa katika shauri hilo na kuiachia mikono ifanye yenyewe.

Waswahili husema tabia ni kama ngozi, yaani haivuliki. Msemo huu una uzito, lakini nadhani umetupotosha katika jambo moja: umetufanya tuitafute tabia ndani ya mtu, tumlaumu yeye, tumhurumie yeye, na tusahau kuangalia mahali anapoishi. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iligundua kwa hofu kwamba askari wake wengi waliokuwa Vietnam walikuwa waraibu wa heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia baada ya kurudi kwao. Wakati huo iliaminika kwamba aliyenaswa na heroini hatoki. Alichokuta ni kwamba, katika mwaka wa kwanza, waliorudia uraibu walikuwa takriban 5 tu katika kila 100 ya wale waliokuwa waraibu vitani. Wengine walikuwa wameacha, na wengi wao bila tiba yoyote. Waliacha nyuma vita, marafiki wa kambini, saa zile za kungoja, na dawa iliyopatikana kwa urahisi na kwa bei ndogo. Ngozi yao ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni vile vilivyoizunguka. Ukimchukua mraibu wa mtaani, ukampeleka mahali pa tiba na kisha ukamrudisha kwenye kona ileile aliyotoka, unamtaka ashinde kile ambacho askari wale hawakulazimika kushindana nacho.

Goma ilipata somo lake kuhusu jambo hili wakati wa Ebola. Mlipuko ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Mgonjwa wa kwanza mjini Goma alithibitishwa Julai 2019, baada ya safari ya basi kutoka Butembo. Mbele ya ofisi, makanisa, shule na vizuizi vya barabarani kuliwekwa ndoo zenye koki na maji ya klorini, na pembeni mlinzi mwenye kipima joto. Hukunawa, hukuingia. Watu walinawa mara nyingi kwa siku kuliko wakati wowote waliokumbuka, na hata kupeana mikono, jambo lililo zito katika adabu zetu, kuliachwa. Kisha hatari ilipopungua ndoo zilikauka moja baada ya nyingine, na kunawa kukaondoka pamoja nazo. Husemwa kwamba watu wamesahau. Mimi naona maelezo mengine yanafaa zaidi: ndoo ilikuwa kizingitini, maji yalikuwamo, na kulikuwa na mtu anayetazama. Nyumbani, nje ya choo na kando ya chungu cha ugali, ambako kunawa huokoa watoto wengi zaidi, hakukuwa na ndoo wala mlinzi. Mikono ilikuwa imejifunza mlango wa ofisi. Haikuwa imejifunza choo.

Kama tabia huning'inia mahali, basi mahali ndipo pa kuanzia kazi, na kwa bahati njema kazi hiyo imeshaanza hapahapa. Kwenye sehemu za kuchotea maji ziwani, mashirika ya misaada yameweka watu wenye klorini na bomba la sindano. Bidoni ya lita 20 inapojazwa, kipimo kinamwagwa ndani yake hapohapo, kabla haijapakiwa kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Mama hahitaji kukumbuka, kununua, wala kuamua. Magharibi mwa Kenya, katika eneo la Busia, watafiti walilipima wazo la aina hiyo. Dawa ya klorini iliuzwa madukani kwa bei nafuu, walio wengi walikuwa wameisikia, lakini nyumba zilizoitumia zilikuwa chini ya moja katika kumi. Chombo cha klorini ya bure kilipofungwa kando ya chemchemi, chenye kipimo cha kugeuza mkono mara moja, na mwenyeji mmoja akapewa kazi ya kuwahimiza wenzake, zaidi ya nusu ya nyumba zilianza kuitumia. Maji ni yaleyale na ujuzi ni uleule. Kilichosogea ni dawa, kutoka dukani hadi pale ndoo inapojazwa.

Msomaji wa Goma ana haki ya kunikatiza hapa. Atasema: unayoyaita tabia ni umaskini. Mji umekaa juu ya mwamba wa lava, kuchimba choo au kisima ni kama kuchonga jiwe, mabomba ya REGIDESO, shirika la maji, hayafiki kila mtaa, na volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 lava iliharibu tangi na mabomba, watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Ninakubaliana naye kwa sehemu kubwa kuliko wanavyokubali waandishi wengi wa vitabu vya afya. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walionyesha jinsi bei ndogo inavyoweza kuzuia: katika kliniki za wajawazito nchini Kenya, kupandisha bei ya chandarua kutoka bure hadi senti 60 za dola kulipunguza waliokichukua kwa pointi 60 katika 100, na waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure. Kumwita mama mzembe kwa sababu ya kiasi hicho ni dhuluma. Lakini umaskini hauelezi kila kitu. Hauelezi kwa nini nyumba yenye sabuni huitumia kwa nguo na si kwa mikono, wala kwa nini wenye mshahara mnono huvuta sigara. Kilicho kweli ni kwamba umaskini huifanya njia mbaya kuwa ndiyo njia fupi, na njia fupi ndiyo inayogeuka kuwa mazoea.

Pingamizi la pili ni la wacha Mungu, na nalichukulia kwa uzito: mbona watu huacha kanyanga, pombe kali ya kienyeji, kwa kuweka nadhiri kanisani, bila kuhamishiwa ndoo wala chombo? Wanaacha, ni kweli. Ila tazama kinachoambatana na nadhiri inayodumu. Saa ya jioni iliyokuwa ya kilabu inakuwa ya kwaya, Ijumaa inakuwa ya mkesha, na wale wenzake wa meza wanabadilishwa na watu wanaomwulizia asipoonekana. Nia ilifungua mlango, na ratiba mpya ndiyo iliyomzuia asirudi. Nadhiri isiyobadilisha saa wala watu mara nyingi huvunjika, kisha mwenyewe hujiona amelaaniwa, na hiyo ni huzuni ninayotamani tuiondoe. Tena kanyanga ina kazi inayofanya: inamlaza usingizi mtu aliyeona mambo yasiyosemeka. Ukiinyang'anya bila kumpa kingine cha kumlaza, atairudia. (Na anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, kwa maana anaweza kupata degedege, aanzie kituo cha afya.) Mbabula nayo ni hivyohivyo. Anayeiingiza chumbani ana baridi kweli. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa kitambaa, ikiwekwa chini ya blanketi, hufanya sehemu kubwa ya kazi ile bila kumwua.

Tabia mpya inachukua muda gani kujikita? Huko London, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliochagua jambo moja dogo la kufanya kila siku katika wakati uleule. Kati ya wale ambao mwenendo wao uliweza kukadiriwa vizuri, nusu walikadiriwa kufikia kulifanya bila kufikiri katika siku 66 au pungufu, lakini wa haraka kabisa alikadiriwa kuhitaji 18 na wa taratibu kabisa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Na upo wakati ambao kamba za mazoea hulegea zenyewe. Bas Verplanken na mwenzake waligundua katika mji wa Peterborough, Uingereza, kwamba watu waliohama nyumba karibuni walibadili mazoea kwa urahisi kuliko majirani wasiohama, na kwamba fursa hiyo hudumu kama miezi mitatu. Kivu Kaskazini inajua kuhama kwa namna ambayo Peterborough haitaijua. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na katika wiki zilizofuata kambi zilizouzunguka mji, zenye mamia ya maelfu ya watu, zilivunjwa. Familia zikaelekea Sake, Masisi, Rutshuru, au kwa ndugu mjini. Hakuna faida ya afya inayoweza kuhalalisha mateso hayo. Ila kila familia iliyofika mahali papya ilianza upya siku hiyohiyo: bidoni ya kunywa ikae wapi mbali na ya kufulia, sabuni ifungwe kwa kamba karibu na choo au ikae ndani ya sanduku, mbabula iwashwe chini ya baraza au chumbani. Mhudumu wa afya anayefika na kipande cha sabuni na kamba yake katika wiki hiyo ya kwanza anazikuta sehemu hizo bado hazina mwenyewe. Akija mwezi wa nne, zitakuwa zimeshakaliwa.