Moto ya zamani: usichague rangi, chagua mapyesi

Papa anamaliza mkataba ku mine ya Kolwezi, anarudi Base ya Kamina na décompte mfukoni. Anataka moto moja ya kufanya yote: kupeleka watoto ku masomo, mama sokoni, na siku ya matanga, kama treni inakawia, kwenda Bukama, ao Kolwezi iliyo zaidi ya kilometa 200. Moto mpya inapita makuta yake. Basi anaangalia zile Honda na Yamaha tulizoziona tukiwa watoto. Wazo ni nzuri, lakini akikosea, jasho la miaka linageuka chuma ya kulala nyuma ya nyumba.

Yamaha AG 100 ilitengenezwa kwa kazi ya mashamba. Cheni yake imefunikwa, mchanga hauimalize mbio, na ina portbagaji mbele na nyuma. Yamaha DT 125 ni nyepesi, inapita mashimo vizuri. Lakini zote mbili ni deux temps: mota inakunywa mafuta yake pamoja na esansi. Pompi ya mafuta ikikufa bila wewe kujua, pistoni inakwama katikati ya pori.

Honda CG 125, ya tangu miaka ya 1970, haina mbio nyingi. Mota yake haina cheni ya ndani. Valvu zinasukumwa na vyuma viwili vyembamba. Honda iliifanya hivyo kusudi ivumilie mutu asiyeitunza sana. Viwanda vingi vya China viliiga mota hiyo, njo maana pyesi ya kufanana nayo inapatikana hata mahali Honda haina duka. Beba tu ile ya zamani, uilinganishe mbele ya kulipa. Kwa moto moja ya kazi yote, sisi tungechagua hii.

Mbele ya kutoa makuta, fanya hivi. Gusa mota: ikiwa moto tayari, mwenye kuuzisha ameiwasha mbele yako kusudi usione namna inavyosumbua asubuhi. CG ikitoa moshi wa bluu, inaunguza mafuta. Shika gurudumu la nyuma, ulitikise kushoto na kuume; likicheza, kuna kitu kimekwisha. Angalia shingo ya shasi na chini ya portbagaji: rangi mpya pale inaweza kuficha soda. Uliza taa ni ya volti 6 ao 12, maana ya 6 inaangaza kidogo na ampuli zake ni shida kupata. Mwisho, soma namba ya shasi pamoja na carte rose. Zisipofanana, rudi nyumbani, hata bei ikiwa tamu.

Na usimalize makuta yote siku ile. Bakiza ya mipira, cheni na mafuta. Moto iliyonunuliwa kwa franka ya mwisho haifike Bukama.